Anakula, Inakula

Nyahanga, Kahama
8 Desemba 2024

Kaka Deus,

Shikamoo. Sisi huku wazima, mvua zimeanza na uwanja wote ni tope. Mama mdogo anaumwa jino lakini hataki kwenda kung'oa. Mama alipita wiki iliyopita akitokea Ushirombo, alileta karanga na mihogo, akasema mahindi ya upande wa mtoni yameota vizuri. Mimi mtihani nimemaliza. Hesabu ilikuwa ngumu lakini sikuacha swali. Kiswahili nadhani nimefanya vizuri.

Sijui kama barua hii itakufikia. Nimempa Mageni, yule mama anayeleta dagaa wa Nkome hapa sokoni. Alinisikia nikikutaja kwa muuza nyanya, akaingilia: "Deusi mrefu, mwenye kovu kidevuni? Yuko mwaloni kwetu, pale ziwani, anaanika dagaa. Hacheki na mtu." Nikajua ni wewe. Simu yako haipatikani tangu uondoke, na mimi baba mdogo amesema sipewi simu mpaka matokeo yatoke. Ya mama mdogo ukiongea inasikika hadi kwa jirani, nami unanijua, nikisikilizwa maneno yananiganda. Ndiyo maana naandika.

Ile siku ya Septemba, baba mkubwa Eustace alipouliza pale sebuleni, "Hivi shida ni nini na hilo gari lako?" baba mdogo akajibu, "Anakula mafuta," huku anakutazama, wewe uliweka funguo mezani ukatoka na chai yako ikabaki. Kuna neno walilokubaliana baada ya wewe kutoka, na nadhani hakuna aliyekwambia. Mwezi wa tano, kwenye misa ya kumbukumbu ya baba, tutaweka msalaba wa kudumu kaburini. Mtoto wa kwanza ndiye anayeubeba. Baba mkubwa alisema wewe hutaubeba mpaka ukiri wizi mbele ya ukoo. Mama alikuwa amekaa pale pale. Alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

Ninakueleza kwa sababu kuna dereva mpya. Anaitwa Masudi, mtu wa Tanga, anaongea kuanzia anapoamka. Amelichukua gari tangu Oktoba, anawapeleka wale wapima miamba Geita na kurudi kama ulivyokuwa ukifanya wewe, na gari linakula vile vile. Juzi baba mdogo alimfokea uwanjani. Masudi akamwambia, "Mzee, gari hili hata ukilipigia honi linaomba dizeli." Mama mdogo alicheka hadi akashika shavu lenye jino. Baba mdogo hakucheka.

Wewe ulishasema kwamba tangu lipelekwe Mwanza likanyanyuliwa, likawekwa matairi makubwa na bampa ya chuma na keria na ule mkonga wa kuvutia hewa juu, halijawa kama zamani. Hakuna aliyekusikiliza. Sasa naomba unieleze, gari likianza kula kuliko kawaida, mtu anaanza kuangalia wapi? Mimi ndiye ninayeliosha kila Jumamosi. Naweza kuangalia bila mtu kujua.

Mdogo wako,
Anisia


Nkome
4 Januari 2025

Anisia,

Marahaba. Barua imefika ikinuka dagaa kama kila kitu hapa. Imechelewa kwa sababu mbalamwezi ilikuwa kali, na kukiwa na mbalamwezi dagaa hawavuliki, hivyo Mageni hana cha kupeleka Kahama. Siku nyingine ukitaka kuniandikia, tazama mwezi kwanza.

Mimi mzima. Asubuhi tunamwaga dagaa mchangani, mchana tunawageuza, mvua ikitisha tunakimbia kuwafunika. Kazi hii haihitaji leseni. Hakuna anayeniuliza nilikotoka, maana hapa kila mtu ametoka mahali.

Mwambie mama asipalilie peke yake shamba la mtoni. Jino la mama mdogo ling'olewe, atakuja kuvimba uso. Hongera kwa kumaliza shule.

Habari ya msalaba nimeisoma.

Habari ya gari usiniandikie tena. Nimeliendesha miaka minne, nimelala chini yake kwenye tope la Geita, nimelisukuma, nimelitetea mpaka kwa mwenyewe. Kama linakula, lile. Lile na bampa yake. Ukiniandikia tena habari zake nitafungia dagaa barua yako.

Kaka yako,
Deusdedit

Chini: Likipanda mlima, moshi wake una rangi gani? Na asubuhi kabla halijawashwa, kuna harufu ya dizeli chini ya tangi? Mtu anayeliosha anaweza kusikia.


Nyahanga, Kahama
26 Januari 2025

Kaka Deus,

Shikamoo. Jino limeng'olewa, mama mdogo alivimba kama ulivyosema. Mama amepata mtu wa kumsaidia kupalilia. Matokeo yametoka, nimepata daraja la tatu. Mama aliposikia kwa simu alipiga vigelegele hadi simu ikakatika. Baba mdogo alisema, "Si mbaya. Habari ya chuo tutaangalia." Simu bado hajanipa, na mimi sijamkumbusha.

Moshi ni mweusi likipanda. Harufu chini ya tangi hakuna, nililala chini kabisa nikanusa. Nilimwambia Masudi habari ya moshi, nikasema nimeona tu. Akafungua chujio la hewa. Kaka, lilikuwa na vumbi jekundu kama unga wa mtama. Pale mkonga unapounganika na bomba mafundi wa Mwanza walikuwa wamefunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nao umelegea, hivyo gari lilikuwa linavuta vumbi badala ya hewa. Masudi amenunua jipya na kufunga vizuri. Moshi umepungua, na mafuta linayokula yamepungua kidogo, siyo sana.

Masudi ananitania. Jumamosi alinikuta nimechuchumaa natazama chini ya gari akasema, "Binti, hebu niambie, wewe unataka kuwa fundi au unataka kuwa polisi?" Sikumjibu. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji mengine ingawa ndoo ilikuwa bado imejaa.

Sasa hivi jioni Masudi akirudi, baba mdogo anampa mkono, anaushika kwa mikono yake miwili, kisha anajikuna pua. Masudi aliniuliza, "Mzee wenu ana mafua ya kudumu?" Nilijua anachofanya. Ananusa dizeli. Sikumwambia Masudi.

Uniandikie hata kama ni kwa mstari mmoja wa chini.

Mdogo wako,
Anisia


Nkome
1 Machi 2025

Anisia,

Marahaba. Daraja la tatu ni zuri, asikwambie mtu. Mimi nilipata la nne, na nikapewa usukani siku hiyo hiyo, kwa hiyo shangilia. Huku upepo ulivunja mitumbwi miwili, lakini watu wote walitoka. Mageni anasema unamsalimia kwa sauti ndogo hadi inabidi akuinamie. Ongeza sauti, mayu, mdogo wangu. Hakuna atakayekuuma.

Mimi baba mdogo aliniwekea hiyo ya kunusa mwaka mzima. Nilikuwa najua. Nikawa naosha mikono kwa sabuni ya unga kabla ya kuingia ndani, kisha nikawaza, mtu anayeosha mikono hivi ndiye anayeonekana mwizi. Nikaacha kuosha. Sasa mikono yangu inanuka dagaa. Mwambie aje anuse.

Salamu kwa mama. Sijamwandikia kwa sababu sijui nimwandikie nini.

Deusdedit

Chini: Gari likinyanyuliwa, waya wa hendibreki haurefuki nalo. Unakazika. Breki za nyuma zinakuwa zinashika kidogo kidogo njia nzima na dereva hajui, gari linakwenda kama mtu aliyefungwa kamba miguuni. Likirudi safari, gusa rimu za nyuma kwa mgongo wa mkono. Polepole, usije ukaungua. Na matairi wanajaza upepo kiasi gani?


Nyahanga, Kahama
23 Aprili 2025

Kaka Deus,

Shikamoo, na Pasaka njema ingawa imepita. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa nataka niwe na hakika kwanza.

Ya nyumbani: mama mzima, amevuna karanga. Baba mkubwa Eustace amepeleka msalaba kwa fundi uashi Ushirombo, ni wa zege, una jina la baba na miaka. Misa ni Jumamosi tarehe 17 Mei, na kikao cha ukoo ni jana yake, Ijumaa.

Ulisema kweli habari ya waya. Niligusa kwa mgongo wa mkono, upande wa kulia nikaungua, nikapata lengelenge. Masudi alilegeza. Gari likawa linateleza hata kwenye barabara tambarare, mafuta yakapungua tena. Lakini bado hayakurudi kama zamani. Baba mdogo akaanza tena kushika watu mikono.

Sasa sikiliza. Jumamosi Kuu tulikwenda Ushirombo wote na gari hilo. Baba mdogo mbele, Masudi anaendesha, mimi na mama mdogo nyuma na gunia la mchele. Pale katikati ya viti, mita ya kilomita naiona. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa naangalia nguzo za kilomita kando ya barabara kwa sababu nikitazama mbele huwa natapika. Baada ya Masumbwe nikaona tumepita nguzo kumi na mita haijafika hata tisa. Nikasema nimekosea. Nikaanza upya. Ikawa vile vile. Tulivyorudi Jumatatu nikahesabu tena, nikiwa nimeuma ukingo wa kanga, vile vile.

Nilifikiri njia nzima. Tairi kubwa likizunguka mara moja linafika mbali kuliko dogo. Mita haioni barabara, inahesabu mizunguko tu, na imezoea mizunguko ya matairi ya zamani. Kwa hiyo kila safari uliyokwenda Geita kuna kipande cha njia ulichokiendesha na hakikuhesabiwa. Dizeli ya kipande hicho ilichomwa kweli, na baba mdogo akawa anaitafuta mikononi mwako. Sisemi ni matairi peke yake. Bampa ni nzito, keria inashika upepo, na yale ya vumbi na waya. Lakini lile lililobaki bila maelezo, ni hilo.

Kwenye gari nilishindwa kusema. Nilimwambia mama mdogo jikoni tukichambua mchele, naye akamwambia. Jana asubuhi baba mdogo alimpeleka Masudi barabarani kuhakiki, waliporudi akachukua kamba akazungushia tairi mwenyewe, amechuchumaa na suruali ya ofisini. Kisha akasema, "Sawa. Yaishe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikajikaza nikauliza, "Kwa hiyo kaka Deus aje?"

Akasema, "Kwani nani alimfukuza?"

Sikulipenda jibu hilo, lakini nadhani ndiyo namna yake ya kusema. Njoo, kaka. Msalaba ni wako kuubeba.

Mdogo wako,
Anisia


Nkome
5 Mei 2025

Anisia,

Marahaba. Salamu zako zimefika zote, na Pasaka hapa tulikula samaki mkubwa, siyo dagaa.

Barua yako nimeisoma kwanza nikiwa nacheka. Nilimsomea hata Mageni kipande cha nguzo. Akasema, "Huyu mtoto anayenong'ona ndiye kafanya hivi?" Kisha usiku nikaacha kucheka.

Tangu Desemba umefuatilia moshi, harufu, chujio, waya, matairi. Umelala chini ya gari, umeungua mkono. Kuna kitu kimoja hukuniuliza hata mara moja. Masudi alikuuliza unataka kuwa fundi au polisi, ukaniandikia kwamba hukumjibu. Sasa nakuuliza mimi. Ulikuwa unapima gari, au ulikuwa unanipima mimi? Nguzo zile zingelingana na mita, leo ungeniandikia nini?

Siyo hasira. Nataka kujua tu.

Na huyo anayesema nani alimfukuza, mimi sirudi kwa mlango huo. Alisema mbele ya baba mkubwa, mbele ya mama, mbele ya wazee wote waliokuwa wanakunywa chai yake. Aseme tena hapo hapo, kwa wale wale, kwamba alikosea. Sihitaji anipigie magoti.

Ijumaa ya kikao nitakuwa Ushirombo. Nitakaa kwa Ignas, fundi baiskeli wa pale stendi, sitatokeza. Akilisema, njoo uniite, nitakuja kubeba msalaba wa baba. Usipokuja nitajua, nami nitapanda basi la alfajiri. Usiniletee maneno ya kunibembeleza.

Deusdedit

Chini: Habari ya upepo wa matairi hukunijibu.


Ushirombo
20 Mei 2025

Kaka Deus,

Shikamoo. Mama hajambo, mgongo tu. Nipo kwake, na vitu vyangu vyote vipo hapa. Nitafika huko kwenye sababu.

Sikuja stendi. Alfajiri nililisikia basi likipiga honi, nikajua umo. Nataka ujue kilichotokea kutoka kwangu kabla hujakisikia kwa watu.

Kikao kilikuwa uwanjani kwa baba mkubwa. Mimi nilikuwa na birika, nawapa chai kama siku ile ya Septemba. Yalipoisha ya padre na ya ng'ombe wa kuchinja, baba mkubwa akasema, "Selestine, lile jambo la gari limefikia wapi?"

Baba mdogo akasema, "Limekwisha. Matairi makubwa yalikuwa yanaidanganya mita. Tumeligundua."

"Na kijana?"

"Kijana amefanya nini? Mimi sikumtaja kijana."

Baba mkubwa akasema, "Ulisema anakula mafuta."

"Hapana, kaka. Nilisema inakula. Uliniuliza habari ya gari, nikakujibu habari ya gari. Gari inakula mafuta. Mkasikia vibaya, na yeye akasikia vibaya, akaondoka kwa hasira zake."

Kaka, nilimtazama nikaona hata hapepesi macho. Na ujanja wenyewe ni kwamba nyumbani sote tunasema hivyo, gari inakula, gari imeharibika. Ni mwalimu wangu wa Kiswahili tu aliyekuwa anatukata alama. Kwa hiyo liliingia kirahisi. Baba mkubwa alijikuna goti akasema, "Hata mimi sasa nikikumbuka, nadhani nilisikia inakula." Mzee Mwigulu akasema, "Sisi wenyewe hiki Kiswahili tunakiokota njiani, nani atapambanua a na i?" Wote wakacheka. Nilisikia jinsi walivyocheka kwa kupumua, kama watu waliotua mzigo.

Kisha baba mkubwa akasema, "Basi kama hakuna aliyemtukana, hakuna wa kumwomba radhi. Kijana aliondoka mwenyewe, na mtu aliyeukimbia ukoo hatuwezi kumpa msalaba. Selestine ataubeba."

Walivyokuwa wameligeuza ni hivyo. Hukuwa mwizi tena. Ukawa mkimbizi.

Nikasimama. Yaani nilikuwa nimesimama tayari, lakini nikasogea katikati. Nikasema, "Shikamooni," nao wakacheka kwa sababu nilikuwa nimeshawaamkia. Nikatua birika chini. Nikasema, "Baba mdogo, mimi nilikuwepo. Ulisema a. Gari haliwi a. A ni ya mtu."

Mzee Mwigulu akapiga makofi, "Mwalimu amekuja!" Wakacheka tena. Baba mdogo hakucheka. Aliniangalia akasema, taratibu kabisa, "Na wewe miaka minne nyumbani kwangu, unakula."

Mama akasema, "Anisia, kaa." Nikakaa chini pale pale nilipokuwa.

Jumamosi msalaba uliletwa juu ya keria ya lile gari, umefungwa kamba. Kutoka kwenye gari hadi kaburini ni hatua chache, na hizo ndizo baba mdogo alizobeba. Padre aliubariki, tukaimba. Mama alishika mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi. Baada ya chakula, mama mdogo alinishushia begi langu garini. Alikuwa amelifunga tangu Kahama, kabla hata ya kikao, au labda alilifunga kwa ajili ya safari tu, sijui. Hakunitazama. Habari ya chuo haikutajwa.

Sasa nijibu ulichoniuliza. Nilikuwa najua hukuiba. Nilijua tangu ulipoweka funguo mezani, kwa namna ulivyoziweka, bila kelele. Lakini mimi nikisema hakuiba, wangesema huyo ni dada yake. Nilitaka shahidi asiye na undugu na mtu, na gari halina undugu na mtu. Sikukuuliza kwa sababu ulikuwa umeshaulizwa na watu wengi wasiotaka jibu.

Nilidhani gari likisafishika, na wewe utasafishika. Kumbe walichukua la gari wakakuacha pale pale.

Upepo wa matairi: walikuwa wanayajaza pungufu, ili likanyage tope vizuri, na wakifika lami hawaongezi. Nilisahau kukwambia.

Mdogo wako,
Anisia


Nkome
28 Juni 2025

Anisia,

Marahaba. Kwa Ignas nilikaa nimevaa viatu usiku kucha. Sasa sababu nimeijua.

Mageni anakuleteeni ndoo ya dagaa, ni ya mama, nimewachagua mwenyewe, hawana mchanga. Mimi sianiki tena, naingia ziwani na wavuvi, nawasha taa.

Nimesoma ulivyosimama mbele ya wale watu. Nimekisoma kipande hicho mara nyingi. Sasa acha. Usiwaambie tena neno kwa ajili yangu, utakuja kukosa na mume na chuo. Nilikuuliza swali baya na umenijibu vizuri.

Ushirombo siji. Siyo mwaka huu, na sijui mwaka gani. Mwambie mama kwa namna utakayoona.

Deusdedit


Ushirombo
20 Julai 2025

Kaka Deus,

Shikamoo. Dagaa tumepata. Mama aliwakaanga wengine siku hiyo hiyo, waliobaki amewafunga kwenye mfuko na hataki niwaguse. Nilimwambia hutakuja. Alisema, "Sawa," akaenda shambani, na hakukuwa na kazi shambani. Mimi nimepata kibarua cha kufundisha watoto wa chekechea parokiani. Wanapiga kelele hadi na mimi nimejifunza kupiga.

Barua yako niliigeuza nyuma kutafuta mstari wa chini. Niliiweka hata juani nione kama umeandika kwa kalamu isiyokolea. Hukuniuliza kitu. Nitakujibu hivyo hivyo.

Masudi alipita hapa akitokea Geita, akanisalimia kwa kelele zake, "Polisi wangu, hujambo?" Anasema gari liko vizuri, moshi hauonekani kabisa. Baba mdogo hamnusi mtu tena. Jioni akirudi, baba mdogo anasoma mita, kisha anaongezea kichwani zile kilomita ambazo haikuzihesabu, ndipo anasema, "Safi, Masudi." Hajasahau hata siku moja. Kila jioni analirudishia gari njia yake.

Mama anakusalimu. Hakuniambia nikusalimu, lakini alisimama nyuma yangu nilipokuwa naandika jina lako.

Mdogo wako,
Anisia

Chini: Kaka, na huko ziwani, unakula?